Modele ya Excel haijui msimu wa maharagwe

Wengi wetu tukimaliza lisansi tunaandika mradi, na haraka haraka tunachukua kwenye intaneti tablo ya Excel iliyo tayari. Unaingiza bei, inakutolea faida. Mimi pia nilifanya hivyo hapa Mudzipela kwa shamba la maharagwe. Pesa ilikuwa ya likelemba ya mama.

Tablo ilichukua mauzo ya mwaka, dola 1200, ikagawanya kwa 12: dola 100 kila mwezi. Kwa duka ni sawa. Lakini maharagwe yanakaa shambani karibu miezi 3. Mwisho wa mwezi wa pili tablo ilionyesha nimeshaingiza dola 200, kumbe mfukoni hakuna hata franka. Pesa ya vibarua wa kupalilia ikakosa, majani yakafunika shamba. Mama akaendelea kuchanga kwa wenzake, na mimi sina cha kumrudishia.

Sisemi tuache modele, zinasaidia. Lakini modele ni mawazo ya mtu mwingine, aliyefikiria kazi yake. Kabla ya kuiamini, angalia haya:

1. Tafuta pale inagawanya kwa 12. Futa, andika pesa katika mwezi ambao itaingia kweli.

2. Nukta na koma. Ordinateri zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, zinataka 12,5. Ukiandika 12.5, Excel inaweza kuichukua kama maneno, na SOMME inaruka maneno bila kukuambia. Gharama yangu ya usafiri ilipotea hivyo kwenye jumla.

3. Tuko na pesa mbili. Mbegu unalipa kwa dola, kibarua kwa franka. Weka bei ya dola katika kisanduku kimoja, fomula zote zisome pale. Ikipanda, unabadilisha mara moja tu.

4. Ijaribu: weka mavuno sifuri. Faida ikibaki ileile, ujue kuna mahali mtu aliandika namba kwa mkono badala ya fomula.

Msimu uliofuata niliona mbele, kabla ya kupanda, ni mwezi gani nitakosa pesa. Nikalima nusu ya shamba, nikapalilia yote. Mama nimemrudishia sehemu. Deni iliyobaki njo mstari wa kwanza wa tablo yangu leo.