Homa ya mtoto: Hesabu ya kukadiria isikudanganye



Katika vijiji vya delta ya Rufiji kama Mbwera, swali la "mtoto ana homa kiasi gani?" si dogo. Kwa wengine kufika kwenye matibabu ni safari ya mtumbwi, na mtumbwi hungoja maji yajae. Mzazi anayepima usiku ndiye anayeamua: tuondoke na maji haya, au tusubiri ya kesho?

Vipimajoto vingi vya majumbani husoma Selsiasi, kipimo kinachotumika hapa Tanzania. Vingine, hasa vinavyoletwa na jamaa walioko Marekani, husoma Farenhaiti. Baadhi ya vile vya betri husoma vyote viwili, na kitufe kikibonyezwa kwa bahati mbaya kipimo hubadilika. Hivyo basi, kabla ya kusoma namba, tazama herufi iliyo pembeni yake: C au F.

Kugeuza Farenhaiti kuwa Selsiasi kuna kanuni kamili: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Mfano, kipimajoto kimesoma 104. Ukitoa 32 hubaki 72. Mara 5 ni 360. Gawanya kwa 9 unapata 40. Hiyo ni homa kali.

Iko pia njia ya mkato: toa 30, kisha gawanya kwa 2. Kwa hali ya hewa haina madhara makubwa. 86 inakupa 28, ilhali jibu kamili ni 30. Lakini jaribu 104: ukitoa 30 hubaki 74, na nusu yake ni 37. Mtoto anayeungua kwa homa amehesabiwa mzima! Aliyesoma mirathi madrasa atanielewa: mke wa marehemu aliyeacha watoto fungu lake ni thumni, moja ya nane. Hapo hakuna "karibu na".

Je, hiyo 37 yenyewe ni kamili? Hapana. Ilienezwa na daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, katika kitabu chake cha mwaka 1868, nayo ni wastani tu. Ilipogeuzwa kuwa Farenhaiti ikawa 98.6, na ile nukta ikawafanya watu wadhani imepimwa kwa udogo huo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1992 ulipata wastani wa 36.8 kwa watu wazima wenye afya. Kanuni ya kugeuza ni kamili, ila mwili wa binadamu hauna namba moja. Mtoto akiwa na 36.6 asubuhi na 37.1 jioni, usihangaike.

Namba ya kukumbuka ni hii: kwapani, 37.5 za Selsiasi, sawa na 99.5 za Farenhaiti, au zaidi, ni homa. Mpeleke apimwe malaria. Usimpe dawa mseto kwa kukisia.

Aidha, mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea na kupoteza fahamu, awahishwe mara moja, kipimajoto kiseme kinavyosema.

Baada ya kupima, safisha kipimajoto kwa sabuni na maji baridi, ncha yake hasa. Maji ya moto hukiharibu.

Allah awape watoto wetu afya njema. Amin.