Mkusanyiko, Msururu na Mfululizo: Mpangilio wa Hadithi za Kiswahili na Kumbukumbu ya Msomaji

1. Utangulizi

Uhakiki wa hadithi za Kiswahili umejishughulisha sana na fani na maudhui ya hadithi moja moja. Wahusika huchambuliwa, mandhari huelezwa, dhamira huorodheshwa. Lakini namna hadithi nyingi zinavyopangwa pamoja, au namna hadithi moja inavyokatwa ikawa sehemu nyingi, aghalabu huachwa kana kwamba ni kazi ya karani au ya mpiga chapa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mpangilio ni sehemu ya maana ya hadithi, na kwamba pale unapokosekana hadithi yenyewe hupotea, na historia ya fasihi ikabaki na pengo lisilozibika.

Ili hoja isielee hewani, na achukuliwe msomaji wa Subukia. Subukia ni bonde lenye rutuba katika Kaunti ya Nakuru, kwenye barabara itokayo mjini Nakuru kwenda Nyahururu. Wakati wa ukoloni bonde hilo lilikuwa miongoni mwa ardhi zilizotengewa walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru wa 1963 lilikaliwa na wakulima Waafrika wa asili mbalimbali. Wasemao Kigikuyu na wasemao lugha za Kikalenjin hukutana kwa Kiswahili, sokoni na darasani. Mtu wa mahali kama hapo anaweza kuipata hadithi ya Kiswahili kwa njia nne: kitabu cha shule, gazeti, redio na simu ya mkononi. Kila njia ina mpangilio wake, na kila mpangilio unamdai msomaji kitu tofauti.

2. Istilahi tatu

Katika mazungumzo ya kawaida maneno mkusanyiko, msururu na mfululizo hutumiwa kwa kubadilishana. Kwa ajili ya uchambuzi, hapana budi yatenganishwe.

Mkusanyiko ni hadithi nyingi, kila moja kamili, zilizowekwa ndani ya jalada moja. Wahusika wa hadithi moja hawaijui hadithi ya pili. Kinachoziunganisha ni uteuzi wa mhariri.

Msururu ni hadithi nyingi, kila moja kamili, zinazounganishwa na mhusika mmoja. Mfano ulio dhahiri ni kazi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Bwana Msa, mpelelezi wa kiko, aliingia katika fasihi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapishwa 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Alirudi katika Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na vitabu vilivyofuata. Msomaji anaweza kuanza na kitabu chochote asipotee, kwa kuwa fumbo la kila kitabu hufumbuliwa ndani ya kitabu hicho hicho.

Mfululizo ni hadithi moja iliyokatwa vipande, kila kipande kikitolewa kwa wakati wake. Hapa msomaji hawezi kuanzia popote, wala hawezi kumaliza apendapo. Kinachoviunganisha vipande ni matarajio.

Tofauti iliyo muhimu kati ya aina hizi tatu inahusu mahali pa kumbukumbu, wala si urefu. Katika mkusanyiko kumbukumbu hukaa kwa mhariri, anayejua kwa nini hadithi hii imetangulia ile. Katika msururu hukaa kwa mhusika mkuu, anayebeba tabia zake kutoka kitabu hadi kitabu. Katika mfululizo humwangukia msomaji, naye hana budi kusaidiwa.

3. Mkusanyiko na mkono wa mhariri

Nchini Kenya mkusanyiko wa hadithi fupi umepata nguvu kutokana na mtihani wa kidato cha nne. Karatasi ya tatu ya Kiswahili hutahini fasihi, na hadithi fupi ni mojawapo ya sehemu zake. Kwa njia hiyo Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine (2007), iliyohaririwa na Ken Walibora na Said A. Mohamed, na baadaye Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, ziliingia katika shule za sekondari kila pembe ya nchi, za Subukia zikiwemo.

Jina la aina hii ya kitabu lenyewe ni tamko la mpangilio. "Fulani na Hadithi Nyingine" humaanisha kwamba hadithi moja imepewa cheo, na nyingine zimeombwa zisimame nyuma yake. Je, cheo hicho kina athari katika usomaji? Tumbo Lisiloshiba inatoa jibu. Kitabu kina hadithi 13. Kinafunguliwa na hadithi ya Said A. Mohamed iliyokipa jina, ambamo Jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kula kila kilichopikwa, huku wanyonge wa Madongoporomoka wakikabiliwa na kunyang'anywa ardhi yao. Hadithi ya nne, "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad, inarudia suala la kula, safari hii ikihusu wanaokula mali ya umma. Ya mwisho, "Mkubwa" ya Ali Mwalimu Rashid, inasimulia juu ya mtu anayetafuta uongozi ili apate kinga ya biashara ya dawa za kulevya.

Hadithi hizo tatu ziliandikwa na waandishi watatu. Zikisomwa peke yake, ya kwanza ni istiari ya unyakuzi, ya pili ni kejeli, ya tatu ni kisa cha rushwa. Zikisomwa kwa mpangilio zilimowekwa, zinakuwa hoja moja: tumbo la mwanzo limepata kiti mwishoni. Hoja hiyo haimo katika hadithi yoyote peke yake. Imo katika mpangilio. Mwanafunzi wa bonde ambalo historia yake ni historia ya ardhi iliyotwaliwa na kugawanywa anaweza kuihisi hoja hiyo hata kabla mwalimu hajaitaja. Lakini mara nyingi hafundishwi kuitafuta, kwa sababu swali la mtihani huuliza juu ya hadithi moja, au juu ya dhamira inayojitokeza katika hadithi kadhaa, na ni nadra kuuliza juu ya kufuatana kwake.

4. Mfululizo katika gazeti na redio

Mfululizo una asili ndefu. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazad huokoa maisha yake kwa kukatiza hadithi alfajiri. Uingereza, Charles Dickens alianza kutoa The Pickwick Papers kwa sehemu za kila mwezi mwaka 1836. Katika Kiswahili, magazeti ya Tanzania ndiyo yaliyoupa mfululizo wasomaji wengi. Hadithi za Eric Shigongo katika magazeti ya kampuni yake ya Global Publishers, yakiwemo Uwazi na Ijumaa, zilisomwa na watu ambao huenda hawakununua riwaya hata moja. Uta Reuster-Jahn alizifanyia utafiti uliochapishwa 2008, na ni miongoni mwa tafiti chache zilizouchukulia mfululizo wa gazeti kuwa fasihi inayostahili kuchunguzwa kwa namna yake yenyewe.

Mfululizo wa gazeti hujengwa kwa nyenzo tatu. Ya kwanza ni ukumbusho: maneno machache chini ya kichwa "Ilipoishia", yanayomrudisha msomaji mahali alipoachwa. Ya pili ni kituo: mahali pa kukata, ambapo pamechaguliwa ili taharuki ibaki hai mpaka toleo lijalo. Ya tatu ni hesabu: namba ya sehemu, pamoja na ahadi ya "Itaendelea". Nyenzo hizi zinafanya kazi ile ile iliyofanywa na mianzo na miishio ya mtambaji katika fasihi simulizi. "Paukwa" humwita msikilizaji aingie katika hadithi. "Ilipoishia" humwita arudi.

Kituo ndicho kinachompambanua fundi. Mwandishi asiye na uzoefu hukata pale nafasi ya ukurasa inapokwisha. Aliye hodari huanza na kituo, kisha akaijenga sehemu nzima kuelekea hapo. Kwa hiyo sehemu ya mfululizo ina umbo la hadithi fupi iliyonyimwa mwisho wake.

Redio iliutumia ufundi huo kwa utaratibu mkali zaidi. Kenya ilianza kutangaza mchezo wa Ushikwapo Shikamana mwaka 1987. Mwezi wa Julai 1993 Redio Tanzania ilianza Twende na Wakati, mchezo uliosikika mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Michezo hiyo ilifuata mbinu za Miguel Sabido wa Mexico: wahusika hupangwa makundi matatu, yaani wa kuigwa, wa kuepukwa, na wale wanaoyumba kati ya hao wawili, na mwisho wa kila sehemu msimulizi humwuliza msikilizaji swali. Katika Twende na Wakati, Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi, ni wa kuepukwa. Mkewe Tunu ndiye anayebadilika hatua kwa hatua hata akajitegemea. Mabadiliko ya Tunu yasingeaminika katika hadithi fupi. Yaliaminika kwa sababu msikilizaji aliishi nayo miezi mingi. Hapa muda wa kungoja wenyewe ni sehemu ya fani.

5. Simu na mpangilio uliovunjika

Leo hadithi nyingi za mfululizo hupita katika simu, kupitia makundi ya wasomaji na waandishi. Mwandishi hutoa sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wasomaji humhimiza, humkosoa, humlaumu akichelewa. Ukaribu huo ni faida ambayo mwandishi wa gazeti hakuwa nayo. Lakini nyenzo tatu zilizotajwa hulegea. Sehemu ya saba huzikwa chini ya salamu na matangazo ya msiba. Msomaji anayejiunga leo haioni sehemu ya kwanza. Mtu hunakili sehemu ya tano na kuisambaza bila jina la mwandishi, na jina lile halirudi tena.

Udhaifu huo si wa lazima. Jalada, jumuiya ya waandishi iliyoanzishwa 2013 na kuwa na makao yake Nairobi, ilichapisha kazi zake mtandaoni kwa matoleo yenye mada. Toleo lake la tafsiri la 2016 liliichukua hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoandikwa kwa Kigikuyu, na kuitoa katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kila tafsiri ilikuwa na jina la mfasiri wake na mahali pake katika toleo. Mtafiti anaweza kuitaja. Basi jambo linaloamua ni kuwapo kwa mtu aliyekabidhiwa mpangilio, iwe chombo ni karatasi au ni mtandao.

6. Pengo katika historia ya fasihi

Kutokana na hayo inaeleweka kwa nini hadithi fupi imepata nafasi katika vyuo, na mfululizo haukuipata. Hadithi fupi imo ndani ya jalada. Ina mhariri, mwaka na ukurasa. Sehemu ya 23 ya mfululizo ilitoka katika gazeti ambalo kesho yake lilifungia maandazi. Wahakiki huuita mfululizo fasihi pendwa, kisha huuweka kando kana kwamba umepimwa ukaonekana mwepesi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa yake haijapimwa kabisa, kwa sababu haipatikani ikiwa kamili. Hukumu imetolewa bila shahidi.

Idara za Kiswahili zinaweza kuupunguza upungufu huu bila gharama kubwa. Kinachohitajika kwanza ni daftari, la karatasi au la kompyuta, lenye mambo saba kwa kila sehemu: jina la hadithi, jina la mwandishi, chombo kilichoitoa, tarehe, namba ya sehemu, ukurasa au mahali ilipohifadhiwa, na muhtasari wa sentensi mbili. Muhtasari huo una kazi maalumu, kwani sehemu moja ikipotea ndio utakaomwezesha mtafiti kuvuka pengo. Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, na cha Kabarak karibu na Nakuru, vimo katika kaunti ile ile ya Subukia. Mwanafunzi anayerudi likizoni anaweza kukusanya magazeti yaliyowekwa nyumbani na hadithi zinazopita katika simu za jirani zake, kwa idhini ya waandishi wake, na kuziandika daftarini kwa utaratibu mmoja.

7. Hitimisho

Mkusanyiko, msururu na mfululizo ni majibu matatu kwa swali moja: nani ataikumbuka hadithi? Mhariri hujibu kwa kupanga, mhusika mkuu kwa kurudi, na mfululizo kwa ukumbusho, kituo na hesabu. Ufundishaji wa hadithi fupi utanufaika ukiuliza pia kwa nini hadithi fulani imetangulia nyingine. Ama mfululizo, hauhitaji kutetewa kwanza. Unahitaji kuhifadhiwa kwanza. Ukishapatikana ukiwa mzima, ndipo wahakiki watakapoweza kusema kwa haki kama ni mwepesi au ni mzito.