KEBO MOJA INAWEZA KUZUIA MSHAHARA



Siku hizi majani ya chai hayaandikwi katika daftari peke yake. Mchumaji anaweka gunia lake juu ya mizani ya umeme, mashine inasoma kilo, na hesabu inapita katika waya mpaka ofisini. Kwa hiyo waya ule si jambo la wakubwa wa ofisi tu. Ndani yake zinapita kilo zetu, na kilo ndizo mshahara wetu.

Tunaandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika kiwanda kimoja cha chai magharibi mwa Uganda, ambako tuna wanachama. Mwajiri alileta faiawoli mpya. Mwisho wa mwezi ulipofika, faiawoli ile na swichi ya zamani hazikusemezana hata kidogo. Orodha ya malipo hupelekwa benki kwa njia hiyo hiyo, basi watu wakakaa siku 6 bila mshahara. Meneja akasema fundi wa umeme ameharibu kebo, na bei yake lazima ikatwe katika mshahara wake.

Fundi yule ni mwanachama wetu. Tulipokwenda kumtetea tuliona kwamba hatuwezi kusema neno, kwa kuwa hatukujua kebo yenyewe ni kitu gani. Sisi tumesoma shule ya msingi tu. Tukaketi na fundi na wenzake, wakatufundisha. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Swichi na faiawoli ni nini?

Swichi ni sanduku lenye matundu mengi. Ni kama stendi ya mabasi: kila habari inayoingia inaonyeshwa njia ya kwendea. Faiawoli ni kama askari wa getini. Anakagua kila kinachoingia na kinachotoka, na kisichoruhusiwa anakirudisha. Kebo inayounganisha stendi na geti ndiyo inayobeba mizigo yote. Ikikatika hiyo, kiwanda kizima kimekatika.

Jambo la kwanza: tazama tundu

Kabla ya kununua kebo, soma maandishi yaliyo karibu na tundu la kila sanduku, na usome kitabu chake. Matundu ya namna ya SFP hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde. SFP+ hupitisha 10. SFP28 hupitisha 25. Hatari ni kwamba yote matatu yana umbo moja na ukubwa mmoja. Kebo ya SFP+ itaingia vizuri kabisa katika tundu la SFP, lakini huenda isifanye kazi. Kuingia si kufaa.

Yako pia matundu makubwa zaidi. QSFP+ hupitisha gigabiti 40, na QSFP28 hupitisha 100. Haya yana njia 4 ndani yake, na ziko kebo zenye kichwa kimoja kikubwa upande mmoja na vichwa 4 vidogo upande wa pili. Lakini ni lazima sanduku lenyewe likubali kugawa tundu lake hivyo.

Na tuseme ukweli: mizani na hesabu za mishahara hazihitaji mwendo mkubwa. Pengine gigabiti 1 inatosha kabisa. Mwajiri akisema hana fedha ya kuongeza posho kwa sababu amenunua mitambo ya mwendo mkubwa, mjumbe wa chama anaweza kuuliza kwa adabu: mwendo huo ni wa kazi gani?

Jambo la pili: pima umbali

Kama masanduku mawili yako katika kabati moja, kebo rahisi ni ile ya shaba ambayo vichwa vyake vimeungwa nayo kiwandani. Mafundi huiita DAC. Ile isiyo na kikuza nguvu, kwa gigabiti 10, kwa kawaida haizidi mita 7. Kwa gigabiti 25 haizidi mita 5. Usinunue ndefu kwa kufikiri kwamba iliyobaki utaikunja. Kadiri inavyorefuka ndivyo inavyochoka.

Waya wa kawaida wa mtandao wenye plagi ya plastiki nao unaweza kubeba gigabiti 10, lakini si kila waya. Ule wa daraja la Cat6A hufika mita 100. Wa Cat6 huishia kama mita 55.

Ukivuka hapo, chukua faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba mwanga. Katika kiwanda tulichokitaja, kutoka ofisini hadi banda la mizani ni mita 220. Hapo shaba haifai. Faiba ya daraja la OM3, ikiwa na moduli za SR kila upande, hubeba gigabiti 10 mpaka mita 300. Kwa masafa marefu iko faiba ya njia moja yenye moduli za LR, inayofika kilometa 10. Moduli za pande mbili lazima ziwe za namna moja: SR kwa SR, LR kwa LR. Ukichanganya, mwanga wa huku si mwanga wa kule, na hazitaelewana.

Faiba ina faida nyingine. Kioo hakipitishi umeme. Katika nchi hizi za Ziwa Nyanza, zenye radi nyingi, waya wa shaba unaotoka jengo moja hadi jingine unaweza kuleta radi mpaka mezani.

Jambo la tatu: jina lililofichwa

Hili ndilo lililomponza ndugu yetu. Ndani ya kichwa cha kebo kuna kidude kidogo cha kumbukumbu. Kimeandikwa jina la mtengenezaji na namna ya kebo. Unapoichomeka, sanduku linasoma jina hilo. Watengenezaji wamekubaliana juu ya umbo la matundu, lakini baadhi yao wamefanya masanduku yao yakatae kebo isiyo na jina wanalolijua. Kebo ni nzima, tundu ni zima, na bado taa haiwaki.

Kebo ile ilikuwa na jina la mtengenezaji wa swichi pande zote mbili. Faiawoli ya zamani ilikuwa ya mtengenezaji huyo huyo, kwa hiyo hapakuwa na matata. Faiawoli mpya ilitoka kwa mwingine. Fundi aliichukua kebo mbele ya meneja, akaifunga baina ya swichi mbili za mtengenezaji yule wa kwanza. Taa zikawaka kijani. Kebo haikuwa imeharibika.

Dawa yake ni kuagiza kebo ambayo kichwa kimoja kimeandikiwa swichi, na kingine kimeandikiwa faiawoli. Kebo hizo zipo. Mwambie muuzaji jina na namba ya kila sanduku, naye aandike katika risiti kwamba ataipokea tena ikikataa.

Jambo la nne: pande zote zikubaliane

Hata kebo ikiwa sahihi, mwendo lazima uwekwe sawa huku na kule. Matundu mengi ya SFP+ hayatafuti mwendo yenyewe. Fundi ndiye anayeyapangia. Kwa gigabiti 25 ni lazima pia mpango wa kusahihisha makosa, uitwao FEC, ulingane pande zote mbili.

Usalama na haki

Ndugu, usitazame kamwe ndani ya ncha ya faiba. Mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kudhuru jicho. Usiikunje kwa nguvu, na vipande vya kioo visiachwe sakafuni wala mezani panapoliwa chakula.

Na kuhusu kukatwa mshahara: Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, kifungu cha 8, unasema makato yafanywe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya meneja haimo. Tulipoweka kifungu hicho mezani pamoja na kebo yenye taa za kijani, makato yalifutwa.

Basi kila tawi limtake mwajiri aandike nani anachagua kebo na nani anaidhinisha, awape mafundi mafunzo, na aweke kebo ya akiba kabatini. Na mizani iendelee kutoa karatasi kwa mchumaji. Mtandao ukifa, karatasi mkononi mwako ndiyo shahidi wako.

Umoja ni nguvu, na kujua ni silaha.