Zima mtandao, kisha uone kama ni kompyuta

Kijana wa Palma au wa Mocímboa da Praia, huku Cabo Delgado, Msumbiji, anayeomba kazi kwenye kampuni zilizofuata gesi ya Afungi huulizwa kama anajua kompyuta. Wengi hujibu hapana. Simu waliyo nayo mfukoni wameitumia kutuma pesa, kukata video, kusoma ramani na kuandika hesabu za biashara ya mjomba, lakini jibu ni hapana, kwa sababu wamezoea kuambiwa kwamba kompyuta ni ile yenye kibodi, inayokaa juu ya meza ya ofisi. Jibu hilo linaniuma. Kitaalamu si kweli, na linamnyima mtu ujuzi ambao tayari anao.

Ili kujua kompyuta ni nini hasa, tuanzie baharini. Katika pwani hii maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na nahodha asiyejua saa ya kupwa hujikuta amekwama juu ya fungu hadi maji yarudi. Wazee huhesabu kwa tarehe za mwezi: kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja katikati. Ukitaka kuipata saa yenyewe na kina chenyewe, itabidi ujumlishe mivuto mingi ya mwezi na jua, kila mmoja na mwendo wake, na kazi hiyo humchosha mtu. Katika miaka ya 1870 mwanafizikia William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliiundia mashine ya magurudumu na kapi. Kila gurudumu lilibeba sehemu moja ya mwendo wa maji, uzi mmoja ukapita kwenye kapi zote na kuzijumlisha, na kalamu ikachora kupwa na kujaa kwa siku zijazo. Mashine za ukoo huo ndizo alizotumia Arthur Doodson huko Liverpool kukokotoa maji ya fukwe za Normandy kabla ya majeshi kushuka huko Juni 1944.

Mashine ile ilikokotoa, hilo halina ubishi. Lakini ilijua maji tu; kuitaka ijumlishe madeni ya duka ilikuwa haiwezekani mpaka uivunje uiunde upya. Kompyuta tunayoizungumza leo ni jambo jingine, na msingi wake uliwekwa na Alan Turing mwaka 1936: mashine moja iweze kufanya kazi ya mashine yoyote nyingine ya kukokotoa, ilimradi ipewe maelekezo yaliyoandikwa. Maelekezo yakibadilika, kazi hubadilika, na mashine ni ileile. Ukubwa haukutajwa, wala kibodi, wala meza.

Simu janja inalitimiza sharti hilo lote. Ndani yake mna kichakataji, kwa kawaida cha ukoo wa Arm, ambao Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn huko Uingereza waliubuni kwa ajili ya kompyuta za mezani. Cha kwanza kilifanya kazi mwaka 1985. Fugaku ya Japani, iliyotangazwa Juni 2020 kuwa kompyuta yenye nguvu kuliko zote duniani, hutumia vichakataji vya ukoo huohuo. Android nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza duniani huendeshwa kwa Linux. Kompyuta iliyowaongoza wanaanga wa Apollo hadi mwezini ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya takriban kilobaiti 4. Simu ya bei nafuu yenye gigabaiti 2 inaizidi mara laki tano.

Hata laini peke yake, kile kipande cha plastiki, ina kichakataji na kumbukumbu yake. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini.

Anayebisha ana hoja moja nzito. Atasema simu haifanyi kazi yenyewe, huleta tu majibu yaliyokokotolewa kwingine. Kwa upande wa pesa anasema kweli. Unapobonyeza nyota na namba ili utume pesa kwa M-Pesa au e-Mola, salio lako haliko mkononi mwako. Liko kwenye mitambo ya kampuni, na simu ni dirisha tu. Ndiyo maana mnara ukianguka pesa hazionekani.

Cabo Delgado inajua maana ya mnara kuanguka. Kimbunga Kenneth kilipopiga tarehe 25 Aprili 2019, Ibo na Macomia zilikatika mawasiliano. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, simu zilinyamaza. Watu wakakimbia kwa miguu kuelekea Quionga na Ruvuma, wengine kwa vyombo hadi Pemba. Katika hali kama hiyo, simu yenye chaji haifi yote. Kipokezi cha setilaiti kilicho ndani yake husikiliza tu, hakitumi kitu wala hakili bando. Kikipata ishara za setilaiti nne, kichakataji hukokotoa mahali ulipo kwa tofauti ndogo mno za muda. Bila mtandao huchukua dakika kadhaa mara ya kwanza, na lazima usimame pasipo na paa wala miembe. Kama ramani ilipakuliwa mapema, njia itaonekana. Kama haikupakuliwa, utaona nukta juu ya karatasi tupu. Mwenye simu anayeishi sehemu hizi aipakue ramani ya wilaya yake leo, kabla ya haja.

Kwa hiyo kipimo ninachokiamini cha kujua simu inakokotoa nini yenyewe ni hiki: weka simu katika hali ya ndege, kisha fungua programu moja moja. Programu mbili za maji ya bahari hufanana sura, lakini moja ina hesabu zake ndani na itakupa saa ya kupwa ya kesho; nyingine itabaki inazunguka ikisubiri jibu la mbali. Ile ya kwanza ndiyo ya kwenda nayo kuvua.

Udhaifu wa kweli wa simu uko kwenye ruhusa. Mtengenezaji ndiye anayeamua programu gani iingie na mfumo gani uwekwe. iPhone, tangu duka lake la programu lifunguliwe Julai 2008, imebana mlango huo. Android nyingi huacha uweke programu kutoka nje ya duka, ingawa kubadilisha mfumo wenyewe mara nyingi kumefungwa. Kompyuta ya mezani kwa kawaida haina kufuli hilo. Hapo wanaoidharau simu wana haki ya kulalamika, na mimi nalalamika pamoja nao.

Lakini mwalimu aliyepokea watoto waliohama vijiji vyao hana sababu ya kusubiri chumba cha kompyuta. Kibodi ya kawaida huchomekwa kwenye simu nyingi za Android kwa waya mdogo wa kugeuzia. Programu ya Termux, ikishapakuliwa pamoja na lugha ya Python, huwaruhusu wanafunzi kuandika programu zao wenyewe na kuziendesha papo hapo. Simu kuukuu ambayo mtengenezaji ameacha kuisasisha isitumike tena kwa pesa, maana mashimo ya usalama hayazibwi, lakini kukokotoa inakokotoa kama siku iliyonunuliwa. Hiyo ndiyo ya kutengwa kwa ajili ya darasa, laini ikiwa imetolewa.