Travis Scott Miguuni, Vumbi la Nakuru Njiani

Raba hizi hutambulika hata na aliye ng'ambo ya barabara: Air Jordan 1 fupi, alama ya Nike upande wa nje ikiwa imegeuzwa ikatazama nyuma. Nike walizibuni pamoja na mwanamuziki Travis Scott, na mojawapo ya rangi zinazotajwa sana, Reverse Mocha, ilitoka Julai 2022 kwa dola 150.

Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hiyo ni shilingi 19,350. Bado hujalipa usafiri, ushuru wa forodha, wala VAT ya asilimia 16 inayokokotolewa juu ya hayo yote. Isitoshe, waliozipata kwa bei hiyo ni wachache waliobahatika kwenye droo; wengine walibaki na walanguzi, ambako bei ilipanda mara kadhaa.

Kwa sura, sina ubishi. Kahawia ya Reverse Mocha na nyeupe iliyofifia huenda na jinzi, kaki, hata suti ya harusi kwa mwenye ujasiri.

Taabu ni ngozi yenyewe. Sehemu ya kahawia ni nubuki, ngozi iliyosuguliwa ikaota vinyweleo, na vumbi laini la udongo wa volkano wa Nakuru hupenda kujificha humo. Kutoka mtaa wa Section 58 hadi stejini kwa njia isiyo na lami mwezi wa Februari, kiatu hubadilika rangi. Masika yakifika, maji huacha madoa ambayo kitambaa chenye sabuni huyazidisha. Nubuki hutaka brashi kavu na subira. Soli ina nafuu: imeshonwa pembeni, kwa hiyo ikiachia, fundi wa viatu ataishona tena. Lakini muundo wake ni wa 1985, soli bapa. Wa kutembea mwendo mrefu atachoka mapema.

Sasa piga hesabu kwa siku za kuvaa. Tuseme unazivaa mara 50 tu kwa kuzihurumia: hata kwa bei ya dukani, kila siku inakula karibu shilingi 390. Jordan 1 ya mtumba ya ngozi laini, tuseme umeipata kwa 4,000, ukiivaa mara 200 ni shilingi 20, nayo hupanguswa kwa kitambaa kibichi ukaendelea na safari. Umbo ni lile lile. Umekosa alama iliyogeuzwa.

Kwangu mimi, kwa bei ya dukani, na ikiwa una viatu vingine vya kila siku, nunua. Kwa bei ya mlanguzi, achana nazo, chambua mtumba. Na ukiambiwa ni orijino, mpya, kwa 5,000, jua unauziwa feki.