Ribiti ya Shaba na Mkono wa Fundi wa Ngozi

Wasomaji wetu wengi wamepata kushika mkanda, mkoba, ala ya kisu au hatamu ya punda bila kujiuliza ni kitu gani kinachozuia vipande vile vya ngozi visiachane. Aghalabu ni uzi. Lakini pale ambapo mzigo ni mzito, na kukatika kwa mkanda huleta hasara au hata kuhatarisha uhai, mafundi wa tangu zamani hawakuutegemea uzi peke yake. Walitumia ribiti ya shaba, yaani kijiti kifupi cha shaba nyekundu chenye kichwa bapa upande mmoja, pamoja na kiduara chake chenye tundu katikati, kiitwacho washa. Tumekusudia kuieleza kazi hiyo leo kwa kuwa sokoni zimejaa ribiti za kila namna, zote zikimeta sawasawa machoni pa mnunuzi. Tofauti yao huonekana siku punda anapoteremka mlimani na mkokoteni uliojaa.

Mshono ni mfululizo. Uzi ukilika mahali pamoja kwa jasho, mchanga au msuguano, jirani zake nao huanza kulegea. Hatuudharau mshono wa mkono wa sindano mbili, ambao haufumuki upesi kama ule wa cherehani. Kwa tandiko na kwa viatu hauna mfano wake. Hata hivyo ribiti ina sifa ambayo uzi hauna: kila moja husimama peke yake. Moja ikivunjika, nyingine hazina habari.

Sifa hiyo ilipimwa kwa moto. Katika miaka ya 1670, mjini Amsterdam, mchoraji na mvumbuzi Jan van der Heyden alitengeneza mabomba ya ngozi ya kupelekea maji kwenye nyumba zinazoungua. Mabomba hayo yalishonwa kwa uzi, kama watengeneza viatu washonavyo. Yalikuwa msaada mkubwa, kwani kabla yake watu walipokezana ndoo kwa mkono. Lakini maji yanaposukumwa kwa nguvu hutafuta upenyo, na mshono wenye mamia ya matundu ni upenyo mtupu. Zimamoto akipandisha kani ya pampu ili maji yafike ghorofa ya juu, mshono ulipasuka, na maji yakamwagika njiani huku nyumba ikiteketea.

Dawa ilipatikana Philadelphia, Marekani, mnamo mwaka 1807. James Sellers na Abraham Pennock, waliokuwa katika kikosi cha kujitolea cha zimamoto mjini humo, waliachana na uzi. Waliikunja ngozi, wakapandanisha kingo zake, wakazifunga kwa safu ya ribiti za shaba tangu mwanzo wa bomba hadi mwisho. Bomba lao lilihimili kani ambayo la kushonwa lisingeweza kuivumilia. Lilikuwa zito, na lilidai kupakwa mafuta mara kwa mara ili ngozi isikauke na kupasuka. Lakini kwa miongo kadhaa, mpaka mabomba ya kitambaa na mpira yalipolipokonya nafasi, ndilo lililotegemewa na miji mingi. Na kila ribiti yake ilihitaji kukazwa kwa uangalifu, kwani moja tu iliyolegea ilitosha kuvujisha maji.

Kuna kisa kingine ambacho wavaaji wa jinzi hawakijui. Jacob Davis, mshonaji wa mji wa Reno katika jimbo la Nevada, alikuwa akitumia ribiti za shaba kufungia kanda kwenye mablanketi ya farasi. Mnamo miaka ya 1870 aliombwa suruali imara ya mkata kuni, ambaye mifuko yake ilikuwa ikichanika kila mara. Ribiti zilikuwa karibu. Akazigonga kwenye pembe za mifuko. Tarehe 20 Mei 1873, yeye pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss walipata hati ya kulinda uvumbuzi huo. Kwa hiyo suruali iliyoenea duniani kote ina deni kwa kazi ya vifaa vya farasi. Ajabu ni kwamba ribiti za mifuko ya nyuma baadaye zililalamikiwa kuwa zinakwaruza matandiko ya farasi, na mwaka 1937 zikafunikwa kwa kitambaa!

Kwa nini shaba, wala si chuma ambacho ni rahisi kupatikana? Ngozi nyingi nzuri hulainishwa kwa maji ya magome ya miti. Chuma kikigusana na ngozi ya namna hiyo penye unyevu, huacha doa jeusi, kisha kutu huila ngozi pembezoni mwa tundu. Mkanda hukatika pale pale palipotiwa nguvu. Shaba haifanyi kutu ya jinsi hiyo. Itatoa utando wa kijani kwa sababu ya mafuta yaliyomo katika ngozi, nao hufutwa kwa kitambaa kikavu. Isitoshe, shaba ni laini: hukubali kutanuka chini ya nyundo bila kudai pigo la kuiumiza ngozi.

Nasi watu wa sehemu hizi hatuna haja ya kuisikia shaba kama habari ya ng'ambo. Huko Katanga wahunzi waliiyeyusha karne nyingi kabla ya kuja kwa Wazungu, wakaimimina katika umbo la misalaba iliyotumika kama fedha, na kuivuta ikawa nyaya nyembamba za bangili. Hata jimbo lenyewe liliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997.

Sasa tuingie karakanani. Fundi huanza kwa kutoboa, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Tundu lisiwe pana. Kijiti kipite kwa kubana. Likiwa pana, kijiti hupinda ndani ya ngozi kinapogongwa, na kupinda huko hakuonekani kwa nje. Wala matundu yasipangwe karibukaribu kukatisha upana wa mkanda, maana fundi atakuwa amechora mstari wa kuchania, kama ule wa stempu za barua.

Ribiti huingizwa kutoka upande laini wa ngozi, na kichwa chake hulazwa juu ya fuawe. Washa huvishwa upande wa pili. Tundu lake limefanywa dogo kidogo makusudi, hata halipiti kwa vidole. Hushindiliwa kwa chombo cha chuma chenye tundu refu mpaka ngozi zibanane. Kisha koleo hukata kijiti kinachozidi, kikabaki kama milimita 2 juu ya washa. Kikibaki kirefu kitalala upande badala ya kutanuka. Kikibaki kifupi mno, hapana shaba ya kutosha kufanya kichwa.

Ndipo nyundo ya kichwa cha mviringo inapoanza kusema. Pigo moja la nguvu ni la mtu mwenye haraka. Fundi hugonga kidogokidogo akizunguka ukingo, mpaka ncha ikatanuka kama uyoga na kuikamata washa. Kila pigo huifanya shaba iwe ngumu zaidi, na ikigongwa kupita kiasi hupasuka. Ribiti iliyo ngumu tangu mwanzo hupashwa moto hadi iwe nyekundu hafifu. Hata ikitumbukizwa majini papo hapo haigeuki ngumu kama chuma cha pua, bali hubaki laini.

Ribiti za bati zenye uwazi ndani, zinazofungwa kwa pigo moja, zina mahali pake: pochi, mkoba wa daftari, mapambo. Hatuoni ubaya. Tunalolipinga ni kuziweka kwenye mkanda wa kuvutia jembe na kumtoza mkulima bei ya kazi imara. Mnunuzi na ageuze mkanda, atazame upande wa ndani. Akiona kichwa kilichotanuliwa kwa nyundo juu ya washa nyekundu, ajaribu kuizungusha washa hiyo kwa ukucha. Ikizunguka, amrudishie fundi. Ribiti hiyo haikazwi tena: kichwa husuguliwa kwa tupa, kijiti kikasukumwa nje, na mpya ikatiwa mahali pake. Ile ya zamani haitupwi. Huwekwa katika kopo pamoja na ncha zilizokatwa, ikingoja mnunuzi wa shaba chakavu.