Mugongo: nyumba ya maua iliyogeuka kuwa nyumba ya watoto

Wakaaji wa Goma wanaujua vizuri mlima Karisimbi, unaoonekana asubuhi mawingu yakiondoka. Wachache wanajua kwamba chini yake, upande wa Rwanda, juu ya Gisenyi, kuna nyumba ya zamani iliyozungukwa na bustani ya maua. Mwanamke aliyeishi humo kwa miaka mingi alianzia maisha yake ya Afrika huku kwetu Kongo.

Rosamond Carr, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1912, alifika Kongo mwaka 1949 pamoja na bwana yake Kenneth, mwindaji. Waliishi Kivu, lakini ndoa ikavunjika. Wengi wangepanda meli kurudi kwao. Yeye alivuka mpaka mwaka 1955, akaenda kusimamia shamba la Mugongo, na baadaye akalinunua. Hapo kulilimwa pareto, maua meupe yanayokaushwa kwa kutengeneza dawa ya kuua wadudu. Alipanda pia maua ya kupamba, akayauza katika mahoteli. Dian Fossey, mtafiti wa gorila wa milimani, alikuwa rafiki yake na mgeni wa nyumba hiyo.

Uhuru ulikuja pande zote mbili za mpaka, na wazungu wengi waliokuwa na mashamba wakaondoka. Yeye alibaki. Ni mwezi wa Aprili 1994 tu, wakati wa mauaji ya kimbari, ndipo aliondolewa kwa nguvu ya hali. Mwezi wa Julai, Goma ilijaa wakimbizi na kipindupindu. Anayekumbuka siku zile hahitaji kuelezwa.

Mwezi wa Agosti mama huyu alirudi, akakuta nyumba imeporwa. Alikuwa anafikisha miaka 82, umri ambao watu huomba kupumzika. Jengo la zamani la kukaushia pareto likatengenezwa upya, na tarehe 17 Desemba 1994 likapokea mayatima 40 wa kwanza. Lilipewa jina Imbabazi. Watoto wa Wahutu na wa Watutsi walilala chini ya paa moja, jambo ambalo wakati ule halikuwa dogo hata kidogo.

Usalama ulipokuwa mbaya mwaka 1997, watoto walihamishiwa Gisenyi, karibu kabisa na Goma. Walirudi Mugongo mwaka 2005, naye pamoja nao. Alifariki tarehe 29 Septemba 2006, akiwa na miaka 94, na akazikwa hapo shambani.